Kofia ya Ilaitia Nabukavou, 1952–2019

Marehemu Ilaitia Nabukavou alizaliwa tarehe 3 Machi 1952 hapa Nasavukoro, pwani ya kisiwa cha Vanua Levu, Fiji, mtoto wa pili wa Mzee Tevita na Mama Akanisi, ambao wote wametangulia. Siku hiyo mvua ilinyesha hadi kijito kikafurika, na mkunga akavushwa kwa kubebwa mgongoni. Mama yake alipenda kusema kuwa mtoto huyu alikuja na kijito chake.

Alisoma shule ya kanisa hapa kijijini, kisha sekondari mjini Labasa kuanzia 1967 hadi 1970. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kuamka. Benchi moja aliketi na Sakiusa, mtoto wa mjomba wake, ambaye kwa mila yetu ni mtani wake wa haki. Walitaniana tangu siku hiyo, na hakuna aliyewahi kukubali kushindwa.

Mwaka 1971 aliajiriwa mjini Savusavu kupima uzito wa mbata. Huko ndiko ugonjwa ulikomkuta, mwaka 1974. Alianza kusikia mizani ikimsema, kisha redio, kisha watu wasiokuwepo. Alipelekwa hospitali Suva, akaanzishiwa vidonge vya klopromazini. Baada ya wiki kadhaa sauti zilinyamaza, na sisi tukashukuru Mungu tukidhani mambo yamekwisha.

Muuguzi Litia, aliyemhudumia miaka mingi, alitueleza hivi: "Kichwani kuna kemikali inaitwa dopamini, ndiyo inayokwambia hiki kina maana, kile hakina. Yake ilizidi, jamani, hata jani likianguka yeye anaona limetumwa. Sasa dawa inaziba pale inapopokelewa. Ila dawa haichagui mlango. Inaziba na kule kunakoongoza mikono, ndiyo maana mnaona anatetemeka. Inamletea usingizi. Na ngozi yake haitaki jua tena. Akitoka bila kofia ataungua kama samaki juu ya makaa."

Marehemu hakuoa. Alikuwa amemchumbia Mereseini, binti wa kijiji cha jirani, naye alimsubiri hadi 1977. Hakuna wa kumlaumu. Alipoolewa kwingine, marehemu alimpelekea mkeka mzuri na salamu, wala hakulizungumzia tena.

Kila aliyezaliwa hapa anajua kwamba kufunika kichwa kijijini ni kumdharau Chifu. Marehemu alijua kuliko wengi. Aliporudi kuishi nyumbani, alikuwa anavua kofia yake pana ya ukili penye njia ya kuingia kijijini na kupita mbio kama mwizi, na jioni uso wake ulikuwa umevimba na kuota malengelenge. Usiku hakuweza kuja barazani, maana dozi ya jioni ilimlaza kabla mikeka haijatandikwa.

Mwaka 1981, tulipofungua kanisa jipya, aliamua mwenyewe kuacha vidonge mwezi mzima kabla ya sherehe. Siku ile aliketi mbele, kichwa wazi, mikono imetulia. Alikunywa bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, na wanaume wenzake, akaimba besi. Watu walisema, "Amepona huyu!" Waliomjua wanasema hawajapata kumwona na furaha kama ile. Wiki tatu baadaye sauti zilirudi zikamwambia mikeka ya kanisa ina sumu, naye akaitupa yote baharini, akilia, ili kutuokoa.

Alipelekwa tena hospitali Suva, akarudishiwa vidonge; aliporudi alijenga kibanda ng'ambo ya kijito, nje ya mpaka wa kijiji. Alipoulizwa kwa nini, alijibu, "Huku nina akili yangu na kofia yangu. Huko lazima nichague moja." Aliishi hapo miaka thelathini na minane, akikausha mbata, akiwa peke yake. Vicheko vya barazani vilimfikia vizuri tu. Sauti za kweli, alikuwa akisema, ndizo zinazomnyima raha siku hizi.

Sakiusa, aliyekuja kuwa mkuu wa kijiji chini ya Chifu, alikuwa akisimama ukingoni kila alfajiri.

"Wee Ilaitia! Umetaga mayai humo kofiani nini?"

"Njoo uyaatamie, mtani! Kichwa chako kina kazi gani nyingine?"

"Vuka basi tunywe chai."

"Jua linakuja, bwana. Nenda kafanye kazi."

Familia ilipotaka kumwombea ruhusa, yeye alikataa. "Msimsumbue Chifu kwa ajili ya kichwa changu." Nasi tukanyamaza, tukaona huo ndio uungwana.

Mwezi Julai mwaka huu alipata homa ya mapafu. Alilazwa Labasa, akafariki asubuhi ya tarehe 14 Agosti 2019, akiwa na miaka sitini na saba. Kofia ilikuwa imetundikwa kwenye chuma cha kitanda.

Juzi Sakiusa alichukua jino la nyangumi, zawadi yetu ya kuombea jambo zito, akapiga magoti mbele ya Chifu, akaomba jeneza lipite kijijini na kofia juu yake. Chifu alilipokea jino, akaligeuza mikononi. Kisha akauliza, "Ni hilo tu? Mbona hamkuja mapema? Ningekubali. Hata marehemu baba yangu angekubali." Sakiusa, ambaye hajawahi kukosa utani, alisema asante tu, akaondoka.

Ameacha kaka yake Viliame, shemeji yake Salote, wapwa na watoto wa kaka wengi waliokula samaki wake wa kukaanga, na mtani mmoja ambaye leo alfajiri alisimama ukingoni akaita, kwa mazoea.

Leo marehemu amevuka kijito mchana, jua likiwaka, na kofia yake. Pumzika kwa amani, Ilaitia. Hakuna atakayekwambia uvue.