Pembe Zinazotazamana

Kwenye basi la asubuhi, kiti cha mbele yangu walikaa fundi cherehani na mwalimu wa masomo ya ziada. Hawakujuana mpaka fundi, mama wa watu, alipotoa karatasi ya mtihani wa bintiye. Jiometri, kumi na mbili kwa mia. Mtihani ujao asipofika arobaini, anarudia kidato.

"Tazama, mwalimu. Ameambiwa athibitishe kwamba pembe hizi ni sawa. Akazipima, akaandika: nimezipima, ni sawa. Wakampa sifuri."

"Wamemtendea haki, mama. Kupima si kuthibitisha. Aseme kwa nini ni sawa."

"Mimi nisipopima, mteja anatoka na suruali ya mguu mmoja mrefu."

Nikachekea kwenye mtandio. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini masikio yangu bado yanasoma.

"Mzoeze nyumbani," mwalimu akasema. "Kila analosema, atoe sababu."

"Sababu? Akianza tu na 'kwa sababu, mama', namwambia anyamaze, asijibizane na wakubwa."

"Basi alama zinapotelea kwako."

Mama akamsogezea karatasi. "Haya, nifundishe nikamfundishe. Kwa nini ni sawa?"

"Kwa sababu zinatazamana."

"Mimi na mume wangu tunatazamana kila siku, na sawa hatujawa."

"Hiyo ni kanuni, mama. Kanuni haiulizwi kwa nini."

Basi likasimama, mwalimu akateremka upesi. Mama naye akateremka nyuma yake, ingawa nauli alilipa ya mpaka sokoni. "Mwalimu, ningoje," akasema. "Sababu hujanipa."