Mama Si Mgeni

Nesi alikuwa anatoka zamu, amechoka, na ndani ya treni alijitahidi asisikie ya watu. Lakini mume na mke wa kiti cha mbele hawakujua kunong'ona. Walikuwa wanatoka kuangalia nyumba mbili za pwani, moja ufukweni na moja mlimani, kila moja kwenye mtaa wake wenye ukuta na geti. Mama mzazi wa mke walimkalisha nyuma, ubavuni mwa nesi, kama mzigo uliokosa nafasi.

"Ya ufukweni ndiyo nyumba," mume alisema. "Unafungua mlango wa nyuma, unakanyaga mchanga."

"Na mama je? Juzi tumemkuta barabarani peku, hajui aendako. Akiufungua yeye huo mlango, maji yamejaa?"

"Basi tuchukue ya mlimani."

"Ya mlimani mgeni haruhusiwi kulala zaidi ya wiki. Meneja wa huko kaniambia huku anacheka, eti hata mzazi ni mgeni."

"Huku hutaki, kule hutaki. Unataka nini, mke wangu?"

"Nataka nyumba atakayoishi mama yangu!"

Behewa zima likanyamaza. Nesi akajitia kutafuta kitu mkobani. Mume akashusha sauti, na hapo ndipo ikasikika vizuri zaidi: "Au tumtafutie mahali pake."

Treni ikaanza kufunga breki. Bibi aliyeketi ubavuni akamshika nesi mkono.

"Mwanangu," akauliza kwa upole, "hawa wanaogombana ni kina nani? Na huyo mama yao wamemwacha wapi?"

Milango ikafunguka, nesi hajauachia mkono wake.