Kitufe Chekundu

Fundi cherehani aliyekaa kiti cha nyuma ndani ya basi hakukusudia kuwasikiliza, lakini sikio halina pazia. Mbele yake, bwana mmoja mwenye tai alikuwa akijigamba kwa muuguzi kwamba kampuni yao ndiyo iliyobuni kengele za vitandani pale wodini kwake.

"Kumbe ni nyie!" muuguzi akamgeukia. "Kaka yangu, jana bibi mmoja kalala kwenye shuka lililolowa mchana kutwa, na kitufe anacho mkononi. Namuuliza, mbona hukuniita? Ananiambia, 'Mjukuu wangu, chekundu si cha hatari? Niliogopa nitamzimia mwenzangu mashine.'"

Bwana akacheka. "Dada, tulikifanya chekundu ili kionekane upesi."

"Kinaonekana sana. Ndiyo maana hawakigusi."

"Lakini maelezo yapo ukutani."

"Nyuma ya kitanda. Wayasome kwa kisogo?"

Fundi akauma midomo asicheke. Yeye hata kaptura hakuwahi kuikata bila kumpima mvaaji.

"Tuliuliza watu kwanza, dada. Tuliuliza sana tu."

"Wagonjwa gani?"

Bwana akaishikashika tai yake.

"Madaktari," akasema, na basi likasimama mbele ya hospitali.