Mwalimu Aliyefika Saa ya Chakula

Wasikilizaji wapendwa, mchana mmoja mzee mgeni alipiga hodi kwa Jedida Jefwa, mtaa wa Kisumu Ndogo, Malindi. Kanzu nyeupe, chaki mkononi. Jedida ndiyo kwanza anapakua wali.

"Nimefanya nini?" mzee akauliza.

"Sijui, baba. Umepotea nyumba?"

"Sema, 'You turned up.' Yaani nimetokea, nawe hukunitarajia. Jirani yako amekuandikisha darasani kwangu. Haya, mchuzi wa nini huo?"

Huyo ndiye Mwalimu Faris Abubakr, tuliyemzika Jumanne. Mwalimu Faris alifundisha watu wazima Kiingereza, kule Muyeye. Aliamini kwamba kitenzi hakijulikani mpaka kitendwe. Kwa hivyo "turn up" aliifundisha kwa kuwatokea wanafunzi majumbani, bila taarifa.

Mkewe, Bi Saleha, anakumbuka. "Nilimuuliza, mume wangu, mbona kitenzi chako hufika saa ya chakula tu? Akasema ndiyo saa watu wapo nyumbani."

Jedida alitaka kazi ya mapokezi katika hoteli moja Watamu. Aliitwa mahojiano mara mbili. Mara mbili hakwenda. Aliogopa Kiingereza. Hoteli ikampa siku ya mwisho, Jumamosi.

"Sasa hapa, turn up ni kufika unapongojwa," Mwalimu akamwambia. "Wewe fika. Mimi utanikuta langoni."

"Mwalimu, Jumamosi si harusi ya mpwao?"

"Nimeshaahidi, mwanangu."

Na harusi ile, wasikilizaji, ilikuwa na biriani ya mbuzi. Mwalimu Faris aliisubiri mwezi mzima.

Bi Saleha, wewe na wanao, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nasi tujiulize: ni nani anayetungoja leo, huku sisi tukitafuta udhuru?

Jumamosi ile Jedida alimkuta langoni kweli, amevaa kanzu ya harusi. Marashi yalinukia hata mlinzi akapiga chafya.

"Umefanya nini?" Mwalimu akauliza.

"I turned up, Mwalimu."

"Basi ingia. Kigumu umeshakimaliza."

Jedida aliingia. Mpaka leo yuko pale mapokezi.

Mwalimu aliporudi Malindi, biriani ilikuwa imekwisha, na masufuria yanasuguliwa. "Nilimbakishia ukoko," anasema Bi Saleha. "Akautafuna wote, kru, kru, kru. Akaapa kwamba hajawahi kula biriani tamu kama ile."