Mkono wa Kushoto wa Teófilo Grueso

Aliyelala mbele yenu ni Teófilo Grueso Angulo, kipa. Wengi waliokuja leo wanajifuta machozi, na baadhi yao ndio waliomwita mwuza mechi kwa miaka ishirini na mitano, sokoni, gatini, hata kwenye ngazi za kanisa. Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na dada yake mkubwa, Nohelia. Hautakuwa mtamu kwa kila sikio.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 hapa Boca Tangará, pwani ya Pasifiki ya Kolombia, mtoto wa nne wa Fidel Grueso, mpasua mbao, na Ascensión Angulo. Mama aliokota chaza kwenye tope la mikoko, akiwapapasa kwa vidole asikoona. Viganja vile ndivyo alivyomrithisha mwanawe. Nyumbani, kitu kikidondoka mezani hakikufika sakafuni kama Teófilo alikuwapo.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1973 hadi 1979, na sekondari akaiacha baba alipoangukiwa na gogo. Shule yake nyingine ilikuwa ufukoni. Boca Tangará haina uwanja ila ule unaoachwa na maji yakipwa. Maji yakitoka, milingoti iliyosimikwa topeni inajitokeza. Yakirudi, mchezo umekwisha, hata kama mpira umeshawekwa kwa ajili ya penalti.

Mwaka 1985 alikwenda Cali kufanya majaribio na klabu ya Unión Guayacán. Kwenye tope mpira ukianguka hauinuki, na hivyo ndivyo alivyojua yeye. Alipiga goti kuusubiri mpira wa juu. Ukadunda kwenye nyasi, ukamvuka kichwa, ukaingia wavuni. Uwanja mzima ulicheka.

“We kijana,” kocha alimwuliza, “huko kwenu mpira mnaucheza au mnaupanda kama muhogo?”

“Kwetu ukianguka unatulia, mwalimu. Nipe mpaka kesho niuzoee huu wenu wenye kiherehere.”

Alipewa hiyo kesho, na akabaki miaka kumi na miwili. Mwaka 1987 alikuwa kipa wa kwanza. Katika nusu fainali ya 1989 alipangua penalti mbili, ya pili kwa kisigino akiwa ameshalala upande mwingine. Mwaka 1991 klabu ilitwaa taji, na katika mechi ya mwisho alidaka krosi huku damu ikimwingia jichoni. Siku hizo kila mtu hapa alikuwa binamu yake.

Tarehe 7 Januari 1995 alifunga ndoa na Yamileth Sinisterra katika kanisa hili. Mungu aliwajalia watoto wawili, Deyanira na Ferney. Bwana harusi alichelewa kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa na vijana walimwomba adake mipira michache tu. Alifika madhabahuni na tope masikioni. Yamileth alimwambia, “Ukinichafua gauni, narudi kwetu,” kisha akamfuta kwa shela.

Sasa ni fainali ya Disemba 1997, ambayo kila mmoja hapa anadhani anaijua.

Siku tatu kabla ya fainali, Teófilo alivunjika kifundo cha mkono wa kushoto mazoezini. Mwenyekiti wa klabu, Don Aurelio Echeverri, aliambiwa. Don Aurelio huyuhuyu aliyekaa kiti cha mbele leo, na bendera ya klabu magotini. Aliagiza sindano ya ganzi.

“Mwenyekiti, vidole sivisikii,” Teófilo alimwambia kabla ya kutoka kwenda uwanjani.

“Nani kakwambia uvisikie? Nimekwambia udake.”

Zikiwa zimebaki dakika sita lilikuja shuti dhaifu, la kitoto. Lilipita chini ya kiganja cha kushoto ambacho hakikuwa na habari, likaingia, na fainali ikapotea. Jioni waandishi walimwuliza mwenyekiti kulikoni, naye akajibu, “Mwulizeni mwenyewe kalipwa na nani.” Habari ya mkono hakuitaja siku hiyo, wala mwaka huo, wala mpaka leo.

Jibu hilo lilifika hapa kabla ya Teófilo mwenyewe. Aliposhuka gatini mkono umefungwa, watu walisema kaufunga ili aonewe huruma. Nohelia ndiye aliyekuwa akimkatia samaki sahanini, kwa sababu hakuweza kushika kisu na uma pamoja. Sokoni Yamileth aliulizwa, “Shemeji, leo tunanunua kwa hela za fainali?” Na wakubwa wetu wenye hekima walitikisa vichwa: lisemwalo lipo. Halikuwapo. Mlilitaka liwepo, kwa kuwa mlikuwa mmemsifu mno na mlichoka.

Hakucheza tena. Mwaka 1999 alianzisha shule ya soka ya watoto ufukoni. Haikuwa na ratiba ya saa. Glavu zikitundikwa mlangoni kwake, watoto walijua maji yanakaribia kutoka. Aliwafundisha kudaka kwenye tope, kisha akawapeleka kwenye saruji ya ua wa kanisa wajifunze mpira unaodunda, wasije wakachekwa kama yeye. Vijana wake kumi na mmoja walikwenda kucheza Cali, wanne wakiwa makipa. Siku hizo klabu pekee iliyokuja kuwachukua ilikuwa Unión Guayacán. Wajumbe wake walikuja na saa zao za mkononi, wakikuta bahari pale walipotarajia uwanja. Safari moja boti lao lilikwama topeni hadi usiku, na Teófilo akawapelekea supu.

Nohelia alitaka kwenda redioni kusema ukweli. Alitaka mara nyingi.

“Nyamaza, dada,” alimwambia. “Ukisema, watawafungia mlango hawa watoto. Acha nitukanwe mimi, tope nimelizoea.”

Kwa hiyo Nohelia alinyamaza, na hasira hiyo ameila pamoja na chakula chake cha kila siku.

Kifundo kile hakikupona sawasawa. Alimeza dawa za maumivu miaka mingi, na mwaka 2019 madaktari wakasema zimemharibu figo. Alikwenda Buenaventura kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa boti. Klabu ilimtumia jezi yenye saini. Wiki yake ya mwisho alimwita Nohelia kitandani: “Watoto wa sasa wana vilabu vingine vya kwenda. Sasa sema, dada.” Alifariki nyumbani alfajiri ya Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, akiwa na miaka 57.

Ameacha mjane, Yamileth, watoto, Deyanira na Ferney, dada, Nohelia, wajukuu watatu, na watoto wa ufukoni, waliovaa viatu vya soka leo kwa sababu glavu zimetundikwa tangu asubuhi na mwalimu hakuwahi kuwaruhusu kukosa kupwa hata kwa msiba.

Kwenye ratiba, baada ya wasifu huu, pana nafasi ya salamu za klabu. Familia haikuifuta. Bendera haitawekwa juu ya jeneza, na Don Aurelio haombwi hotuba wala shada. Anaombwa aseme mbele ya watu hawa kwamba mkono ulikuwa umevunjika na kwamba yeye alijua. Kaburi halitafukiwa kabla ya hapo.

Wengine mmeuliza kwa nini mazishi yamewekwa saa nane. Atakayetazama dirishani ataona milingoti imeanza kutoka majini. Boti lililomleta mwenyekiti limeshakaa kwenye tope, na halitaelea tena mpaka usiku. Supu ipo.

Teófilo apumzike kwa amani. Don Aurelio, karibu kwenye kipaza sauti.