Meaza Kawekwa Kundi la Watu Wazima

Benchi la Weyzero Yeshi, yaani Bibi Yeshi muuza kahawa, pale Shiro Meda mlima unapoanzia, lina miguu mitatu na tofali, na wanaolikalia hawajawahi kukubaliana hata leo ni siku gani. Asubuhi hiyo kahawa ya kwanza ilikuwa imeshamiminwa, na shayiri ya kukaanga ilipita mkono kwa mkono. Keshokutwa ilikuwa siku ya mashindano ya roboti, na Meaza, binti wa Yeshi mwenye miaka kumi na minne, alikuwa ameingiza yake: kopo la mafuta ya kupikia lenye magurudumu, kazi yake kumsukuma mwenzake mpaka atoke nje ya duara. Sasa orodha imetoka, na Meaza kawekwa kundi la watu wazima. Umri: miaka ishirini na miwili. Benchi lilikuwa linawaka moto. Karani Mengesha peke yake ndiye aliyenyamaza, mzee aliyestaafu ofisi ya mtaa akabaki na mwandiko wake mzuri, maana fomu ile aliijaza yeye. Ilitaka mwaka wa kuzaliwa kwa hesabu ya wazungu. Yeye, kwa mazoea ya miaka thelathini, akaandika kwa kalenda ya nyumbani, ambayo iko nyuma miaka minane. Mtoto akazeeka kwa kalamu moja.

— Hujuma hiyo! — alifoka Redio, kinyozi ambaye mdomo wake hauna pa kuzimia. — Kuna shule ya matajiri imelichungulia lile kopo, ikaingiwa na baridi. Wakasema, huyu mtupeni kwa mainjinia akafie huko.

— Acha zako, — alisema Jaji. Huyu aliitwa hivyo kwa sababu amekaa mahakamani miaka ishirini kwa kesi ya ukuta wa jirani, na hajashinda hata siku moja. — Hao wana mashine ya kupima ubongo. Wameupima wa Meaza, ukatoka wa miaka ishirini na miwili. Ndiyo maana wahenga wakasema, maji hufuata mkondo.

— Maji yanaingiaje hapo?

— Tulia, yatafika.

— Ubongo hawajaupima wapi wala nini! — Redio akasogea ukingoni mwa benchi. — Roboti ndiyo iliyosema. Hivi vyuma vinateta angani, bwana we. Kopo limewaambia wenzake: bosi wangu mtu mzima, msinichezee.

— Inawezekana, — alisema Mengesha taratibu.

Aliona aibu palepale. Lakini moto wa wenzake ulikuwa unamfichia moshi wake, akautilia kuni nyingine:

— Hata redio za zamani zilikuwa zinateta.

Weyzero Yeshi akamimina kahawa ya pili. Macho yake yalikuwa mekundu.

— Nyie chekeni tu. Mtoto kahangaika miezi sita, hadi koleo langu la makaa kaligeuza pua ya roboti. Akienda kuaibishwa na watu wenye ndevu, nani atamwinua?

Jaji akapiga goti lake.

— Tunaandika malalamiko! Karani, toa kalamu. Andika: “Mtu aliyefanya jambo hili ni mpumbavu.”

Mengesha akaandika, mwandiko ukiwa wa kupendeza kama kawaida.

— Ongeza, “na kipofu,” — alisema Redio.

Akaongeza.

— “Tena kazi yenyewe aliipata kwa kujuana.”

Kalamu ikasimama.

— Hiyo ya kujuana si kweli. Nilifanya mtihani.

Redio, kwa mara ya kwanza tangu afungue kibanda chake cha kunyolea, alikosa stesheni.

— Wewe? — aliuliza Yeshi, birika mkononi.

— Mimi, mama. Niliandika mwaka wetu badala ya wao. Nisamehe. Nitakwenda sasa hivi nikasahihishe.

— Usiende!

Alikuwa Meaza, mlangoni, kopo amelibana kwapani, vidole vimeungua kwa kuunganisha nyaya.

— Nilikuona ukiandika, Mzee Mengesha. Nikanyamaza makusudi.

— Kichaa wewe! — alisema mama yake.

— Mama, kundi la watoto wanataka roboti ya boksi, ile ya vipande tayari inayoletwa kutoka nje, wote sawasawa. Sisi boksi hatuna. Kwa wakubwa kila mtu anakuja na takataka yake. Mkisahihisha, sichezi popote.

— Mnaona? — alisema Jaji. — Maji yamefika.

Kabla hawajamrushia shayiri, dada mmoja mwenye faili akasimama mbele yao. Alikuwa wa kamati ya mashindano, na aliomba aonyeshwe mwanamke wa miaka ishirini na miwili aitwaye Meaza. Meaza akanyoosha mkono. Yule dada akamtazama sare ya shule, akalitazama kopo na pua yake ya koleo, akajikaza asicheke.

— Nilidhani hivyo. Basi sikilizeni. Mtoto anaruhusiwa kundi la wakubwa, mradi timu iwe na mtu mzima. Asimame naye uwanjani, asibishane na mwamuzi, na akishindwa akubali. — Akafungua kalamu. — Nani kati yenu ni mtu mzima?

Redio akamtazama Jaji. Jaji akalitazama tofali. Mengesha alitaka kunyoosha mkono, akaikumbuka asubuhi yote ile, mkono ukamwia mzito. Weyzero Yeshi akainamisha birika kwa kahawa ya tatu, ile ya baraka, yakatoka matone na machicha.

Meaza akalitua kopo juu ya mapaja ya karani.

— Andika Mengesha, dada. Huyu akikosea anakubali. Anachelewa, lakini anakubali.

— Napinga! — alisema Jaji, akiinuka.

— Ndiyo sababu si wewe, Mzee Jaji, — alisema Meaza.