Gesi Iliyomfunga Papa Cyprien

Mheshimiwa Rekta, wakuu wa vitivo, mapadri na mashehe, wazazi wetu wa mtaa wa Makiso, hapa Kisangani, wanafunzi wenzangu: tumekuja kumuaga marehemu Papa Cyprien, mwalimu wetu wa fizikia, lakini mimi Micheline sikuja kulia.

Mwanzoni mwa mwaka jana, 2000, rafiki yake Benoît alimtumia kutoka Ufaransa karatasi zilizojaa namba, vipimo vya darubini ya redio. Kulikuwa na galaksi ya mbali sana, iliyofunikwa vumbi. Papa aliamini kwamba ubavuni mwake kuna nyingine, isiyoonekana katika picha yoyote kwa kuwa nyota zake ni chache, ila imejaa gesi. Gesi hiyo hutoa mawimbi hafifu. Ukijumlisha namba kwa uvumilivu, utayaona. Umeme wa kuwasha kompyuta hatukuwa nao. Tulijumlisha kwa mikono: yeye, mimi na mwanafunzi mwenzangu Safiya.

Zikaja zile siku sita za Juni, majeshi ya kigeni yakipigana juu ya vichwa vyetu. Mabomu yaliponyamaza, afisa mmoja wa jeshi lililoushika mji aliingia maabara, akazishika karatasi.

"Hizi namba munamutumia adui?"

"Hapana, commandant. Tunatafuta gesi."

"Gesi?" Macho yakamtoka. "Iko wapi? Banalia? Basoko?"

"Iko mbali. Mawimbi yake yamesafiri miaka bilioni kumi mpaka hapa."

"Muzee, unanichekea?"

Alimfunga siku kumi na moja, akimpiga, akidai ramani. Karatasi alizichoma. Ndugu zangu, mtu aliyepigwa kwa ajili ya gesi ambayo hakuna jeshi litakaloifikia, akifunguliwa hufanya nini? Papa alitoka akichechemea, akasema: "Safiya, mwandikie Benoît atutumie namba tena. Tunaanza upya."

Miezi minane. Safiya alipomaliza safu ya mwisho alinisukumia karatasi, akaniambia, "Micheline, hesabu wewe." Nikahesabu. Ile galaksi ilikuwepo. Mwezi uliopita barua ya Benoît ilifika: amepima tena, na iko palepale.

Leo tunaambiwa idara yetu ya fizikia ifungwe hadi vita viishe, eti nyota ni anasa. Mheshimiwa Rekta, kwa heshima zote: hatufungi! Nani aliyesema watoto wa Kisangani wamezaliwa kukimbia mabomu tu? Papa, pumzika. Jumatatu saa mbili asubuhi Safiya na mimi tutakuwa maabara, tukifundisha. Anayetaka kufunga mlango atatukuta ndani.

Aksanti sana, Papa. Nanyi nyote, asanteni kwa kuyapokea maneno yangu.